Pikapu ya Kumpeleka Mama Mkwe Mabanga

Jumatatu, 9 Juni

Nimenunua pikapu! Mimi, Absalom Makokha, muuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la wenyewe hapa Kitale, leo ni mtu mwenye gari. Halijawaka bado. Hilo ni jambo dogo.

Sababu ni Wabwile. Wabwile na mimi tumeoa dada wawili, na tangu siku hiyo hajaniacha nipumue. Ana gari, Probox. Ana nyumba ya mawe Bungoma mjini. Sasa juzi mama mkwe wetu, kule Kimilili, amechaguliwa na kikundi chao cha akina mama apeleke mtamba wake Mabanga kwenye maonyesho ya wakulima, Jumamosi tarehe 21. Kabla sijamaliza kusoma habari hiyo kwenye grupu ya familia, Wabwile ameshaandika kwamba atakodi lori. Atakodi! Mkwe mzima anakodi! Nikaandika hapo hapo kwamba hakuna haja, mama na mtamba wake watafika Mabanga kwa gari langu mwenyewe. Nilipotuma ndipo nikakumbuka sina gari.

Sasa ninalo. Nimelitoa kwa mzee Kemboi wa kule soko la Kwanza, kwa bei ya bodaboda iliyochoka. Lilikuwa nyuma ya ghala lake la mahindi, nyasi zimefika madirishani. Mzee ameniapia kwamba linataka kuguswa tu kidogo.

Nekesa, mke wangu, aliuliza mama atakaa wapi. Nikamwambia mbele, kando yangu, kama mke wa waziri. Alicheka mpaka akaweka chupa ya chai chini. Nikauliza kuna nini cha kuchekesha. Akasema hakuna kitu, Baba Joy, endelea tu. Wivu hata ndani ya nyumba!

Jumatano, 11 Juni

Pikapu imefika Kitale ikivutwa na trekta. Kemboi angeweza kuniambia kwamba leo ni siku ya soko Kwanza na kwamba njia ni hiyo moja. Hakuniambia. Nikakaa kwenye usukani, uso mbele, nikikata kona kwa heshima zote huku trekta likienda mwendo wa kinyonga. Watu walisimama kando ya barabara. Mmoja akavua kofia, akauliza ni nani amefariki. Mshenzi.

Katikati ya safari nikasikia sauti nyuma ya kiti. Kuku! Ameatamia mayai. Kemboi akapiga simu akimdai, ati yeye aliuza gari, hakuuza kuku. Nikamwambia nilinunua gari na vyote vilivyomo. Akasema sawa, basi nirudishe vyote na yeye arudishe pesa. Kwa sekunde moja niliona kama ananionea huruma. Nimemrudishia kuku.

Gerejini ndiko nilikotukanwa kabisa. Fundi Muchiri alifungua boneti, akatazama, akaifunga polepole, akaenda kuwaita wenzake. Wakaja wote, hata yule wa kushona viatu ng'ambo ya barabara. Muchiri akaniuliza, kwa sauti ya daktari, kama niliwahi kuliona likitembea kabla ya kununua. Nikamwambia kazi yake ni spana, si maswali.

Ijumaa, 13 Juni

Muchiri anasema klachi imekwisha. Pampu ya maji imekwisha. Breki zilikwisha zamani. Nikamuuliza basi ni nini kizima humu. Akafikiri sana, akasema redio.

Nimemfuta kazi. Mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa ya kupe atashindwa na gari? Nimelivuta nyumbani na kulitengeneza mwenyewe kwa kufuata video ya fundi mmoja Mhindi. Lugha yake siijui lakini mikono yake naielewa. Mambo yalienda vizuri. Mwishoni zilibaki boliti tatu. Nadhani kiwanda huweka za ziada.

Tatizo ni moja tu: ukikunja usukani kushoto, honi inalia yenyewe. Jirani yangu Chepngeno amekuja mlangoni kuuliza kama nimeanza kutembeza samaki kwa honi. Nekesa akaniomba nirudishe gari kwa Muchiri. Nimerudisha. Si kwamba nimeshindwa. Nimeamua kumpa kijana nafasi ya pili.

Jumapili, 15 Juni

Gari limeombewa kanisani. Hapa kwetu gari jipya haliendi barabarani kabla ya maombi, na mimi si mpagani. Vijana wa kwaya wakalisukuma kutoka gerejini mpaka uwanjani. Mchungaji akauliza kama si afadhali tungoje mpaka liwake. Nikamwambia imani gani hiyo? Akaomba. Aliomba muda mrefu kuliko alivyoombea gari la daktari wa meno mwezi uliopita. Alipofika kwenye ulinzi dhidi ya ajali akarudia mara kadhaa, na waumini wakaitikia amina kwa nguvu ambayo sikuipenda.

Nimetuma picha kwenye grupu. Mama mkwe haniandikii mimi kamwe, alimwandikia Nekesa amwambie mume wake kwamba rangi ni nzuri. Rangi ni nzuri! Nimesoma maneno hayo mara nyingi. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akisifu maziwa ambayo Wabwile anayapeleka kwa Probox yake. Jumamosi hii kijiji kizima kitaniona.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Bungoma kutafuta spea ya klachi. Nimezunguka maduka yote. Wananitazama kama mtu anayeuliza bei ya ndege. Katika duka la mwisho nikakutana na nani? Wabwile! Amevaa miwani ya jua na kulikuwa na mawingu.

Akaniuliza, niaje bana, shida ni gani. Nikasema hakuna shida, natembea tu. Muuza duka, mtu asiye na siri, akamwambia shida yote. Wabwile akapiga simu moja. Spea ikaletwa na bodaboda. Akaniambia pia kwamba lori alilopanga bado hajalifuta, dereva ni Kipketer, mtu wa Mlima Elgon, hana undugu na mtu yeyote kule Kimilili, kwa hivyo ikibidi mama ataenda vizuri tu. Nikamwambia sihitaji dereva, mimi mwenyewe ndiye dereva. Akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Amenyamaza kwa sababu ameshindwa!

Nilitumaini sana hiyo spea isitoshee, nijue kwamba ni hujuma. Imetoshea. Nimekasirika jioni yote.

Alhamisi, 19 Juni

LIMEWAKA! Limetoa moshi mweusi, nguo za Chepngeno kwenye kamba zimebadilika rangi, amesema maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua. Lakini limewaka! Nimezunguka mtaa. Breki zinashika ukizikanyaga mapema na kuwa na subira. Honi bado ni ile ile.

Nekesa akaomba aendeshe kidogo. Ana leseni tangu chuo cha ualimu, huwa anaendesha gari la mwalimu mkuu wakipeleka watoto kwenye michezo. Nikakataa kabisa. Nimemwambia gari hili lina dereva mmoja. Akasema sawa, lakini leseni ataibeba. Ya nini? Nimeshindwa kumwelewa mwanamke huyu.

Jumamosi, 21 Juni

Sina maneno. Yako mengi.

Tumefika Kimilili asubuhi. Mzee Wanyonyi, baba mkwe, alitoka mpaka langoni. Watoto wakashangilia. Wabwile alikuwa ameshafika na Probox, akanipigia makofi, nikampuuza. Mtamba akapanda nyuma bila matata, ng'ombe mwenye adabu kuliko watu. Nikafungua mlango wa mbele, nikapangusa kiti kwa kitambaa, nikasema tuko tayari, mama aje.

Mama hakuja. Alikuwa amesimama nyuma ya zizi, amevaa vitenge vipya, anatazama upande mwingine. Akina mama wa kikundi wakaziba midomo kwa leso. Mzee akaniuliza polepole ni nani ataendesha. Nikasema mimi. Akauliza mama atakaa wapi. Nikaanza kuonyesha kiti, na mkono wangu ukakwama hewani.

Jamani! Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Mimi najua hayo tangu utotoni, miaka yote ya ndoa yangu mama akitokea jikoni mimi najificha nyuma ya ghala. Na nimeleta gari lenye kiti kimoja tu cha mbele, tukae bega kwa bega mpaka Mabanga, na gia iko katikati! Lakini nilikuwa nawaza klachi. Kwa majuma haya mawili, mbona hakuna aliyeniambia? Nekesa alijua. Wabwile alijua, ndiyo maana alitafuta dereva wa kutoka mlimani. Nawalaumu wote wawili.

Wabwile akasema Kipketer anaweza kuitwa. Lakini Kipketer alikuwa Webuye na mzigo wa mtu, na majaji wa Mabanga hawangoji mtu. Mama angekosa nafasi yake kwa sababu yangu. Hapo nilitaka ardhi ipasuke, nasema ukweli. Nekesa akatoa leseni mkobani. Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Mama akapanda mbele. Kisha, kupitia Nekesa, akaomba dirisha dogo la nyuma lizibwe kwa leso, maana mimi nilikuwa nyuma. Ndiyo. Nyuma! Na ng'ombe! Nimesafiri kutoka Kimilili mpaka Mabanga nimeshika kamba, nimegeuza mgongo kwa heshima, mtamba akinilamba sikio. Kila kona ya kushoto honi ililia na watu wakatoka madukani kutazama. Wakampungia Nekesa. Anaendesha vizuri, breki zile zinamtii kama zinamwogopa, na hilo pia limeniudhi.

Langoni Mabanga karani akawaandika akina mama kama wageni. Mimi akanielekeza kwa wachungaji wa ng'ombe, ati chai yetu iko nyuma ya hema.

Mtamba ameshika nafasi ya kwanza. Mama akapewa kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, kikundi, na binti yake Nekesa aliyemleta kwa gari lake. Gari LAKE! Watu wakashangilia. Nilikuwa na kinyesi kwenye kola. Katika picha ya ushindi kuna mama, Nekesa, ng'ombe, pikapu, na gambuti moja ambayo ni yangu.

Wabwile akaniletea chai na mandazi kule nyuma ya hema. Akasema pole bana. Mandazi yalikuwa matamu. Simsamehe.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani kila mtu amempongeza Nekesa kwa gari. Mchungaji mwenyewe amemuuliza kama anaweza kubeba viti vya harusi wiki ijayo. Amekubali. Hakuniuliza. Ufunguo uko kwake tangu jana na nimeona nisianze vita Jumapili.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, bila hasira, na nimeona kosa lilipokuwa. Si mimi. Ni urefu wa gari. Pikapu ni fupi mno kwa mkwe mwenye heshima zake. Mtu wangu Bethwel ananiambia kuna basi la shule linauzwa Kwanza, mtambo mkubwa, viti vyote vipo, kutoka kwa dereva mpaka kiti cha nyuma kabisa huwezi hata kutambua sura ya mtu. Mama atakaa kule mwisho. Nitaweka pazia. Tutakuwa ndani ya gari moja na kila mtu yuko mbali na mwenzake inavyotakiwa, na usukani utakuwa wangu.

Injini halina. Bethwel anasema hiyo ni kitu ya kutafuta tu. Nimemwambia asimwonyeshe mtu mwingine mpaka nifike kesho.