Filamu Iliyomchumbia Shangazi Yangu

Kianjai, Meru.
Jumatatu.

Kwa Mwelekezi Mkuu,
Studio za Kilele Chekundu,
Nairobi.

Bwana Mwelekezi,

MINTARAFU: UCHUMBA WANGU ULIOVUNJWA NA FILAMU YAKO

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba barua hii ikukute ukiwa na afya njema, maana utahitaji nguvu za kuimaliza. Mimi ni Cicily Mukiri, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kianjai. Vitabu vyote vitano vya Walinzi wa Mlima Usiolala nimevisoma tangu nikiwa darasa la saba. Nimevisoma nikichunga mbuzi, nimevisoma githeri ikiungua jikoni, na kanisani nimewahi kuvisoma nimevificha ndani ya Biblia, Mungu anisamehe.

Niliposikia kwamba unavitengenezea filamu, nilipiga vigelegele katika ofisi ya walimu mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza ni nani amejifungua. Nikasafiri hadi Embu kuitazama pamoja na mchumba wangu Muturi, ambaye ni fundi wa umeme huko. Nilitoka ukumbini nimekasirika kiasi cha kukataa chipsi. Chipsi, Bwana Mwelekezi! Muturi alikula zake na zangu.

Basi malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Joka. Joka Kivumo wa kitabuni ni mzee, ni mnene, ana kikohozi, na hawezi kuona ndizi mbivu akaipita. Ndiyo maana tunampenda. Huyo wako amekonda kama mkimbiaji wa marathoni na filamu nzima hakukohoa hata mara moja. Sasa moto unatoka wapi? Nilimuuliza Muturi swali hilo kwa sauti ya chini, na mtu wa mbele yetu akahama kiti.

2. Mpishi wa kasri. Kitabuni huyu mama anaokoa ufalme mzima kwa sufuria moja ya uji. Kwako ameonekana akifunga mlango, basi. Hata mlango wenyewe haukuwa wa jikoni.

3. Mlima. Sisi watu wa huku tunaishi na mlima, kwa hivyo hapa usibishane nami. Mlima hujifunika mawingu unapotaka na kujifunua unapotaka, na ukiutegemea kwa picha ya wageni, siku hiyo hautoki. Wako umekaa wazi tangu mwanzo hadi mwisho kama duka la jumla.

4. Hapa naomba uketi. Katika kitabu cha tatu, Malkia Isendo amefichwa kati ya wanawake saba waliofunikwa shela, na kijana Tamiro lazima amtambue, la sivyo ufalme umekwenda. Malkia haruhusiwi kusema. Anachofanya ni kukanyaga chini kwa mguu wa kushoto, mara mbili. Tup, tup. Tamiro anamjua papo hapo. Sijui mahali pazuri kuliko hapo katika vitabu vyote, na kila nikifika hapo machozi hunitoka. Wewe umefanya nini? Umemfanya Malkia ainamishe shingo upande wa kulia, kama kuku aliyesikia mwewe. Mguu haukusogea hata kidogo, na kwa hasira hata Muturi sikumwambia.

5. Huenda huko studio mnadhani hayo ni mambo ya hadithi tu. Huku kwetu, siku ya kuleta mahari, bibi arusi hupangwa mstari mmoja na wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kutoka utosini hadi vidoleni, na bwana arusi lazima amtoe wake. Akikosea, anatozwa mbuzi na kuchekwa mpaka wajukuu wake wasikie. Mimi sikutaka Muturi achekwe. Tulipoanza uchumba nilimpa sharti moja tu, asome vitabu vyote vitano, na akaniapia kwamba amenunua vyake na amevimaliza. Kwa hivyo nilimwambia kwamba siku hiyo nitafanya kama Malkia Isendo alivyofanya. Akacheka, akasema, "Hiyo usijali, hiyo nimeshika kabisa."

Jumamosi iliyopita wakaja kutoka Embu wamependeza, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Naftaly, na vikapu vya zawadi. Tukasimamishwa uani wanawake saba. Muturi alipoanza kutukagua nikakanyaga. Tup, tup. Akanipita. Nikakanyaga tena kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika. Akanitazama kidogo, akasogea pembeni, akaendelea na safari yake. Mwishoni mwa mstari alikuwepo Shangazi Kathambi, dada ya baba yangu, mjane mwenye wajukuu tisa. Shangazi husikia kwa sikio la kulia peke yake, na alitaka kusikia wanaume wanasema nini, basi akawa ameinamisha shingo. Muturi alimwendea moja kwa moja kama mtu aliyeelekezwa njia, akamshika mkono, akatangaza, "Huyu ndiye wangu!"

Leso ilipovutwa, Shangazi alitabasamu kwa meno yote aliyobaki nayo. Wanawake wakaangua kicheko, wawili wakaketi chini kabisa. Mimi nikatupa leso yangu nikamuuliza Muturi ni nini hii. Akasema, "Mukiri, huyo wa kurukaruka nilidhani ameingiliwa na siafu! Na ile ya shingo si iko kwa kitabu?" Nikamwambia mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba yeye ni mwongo, kwamba vitabu hajavifungua hata kimoja, ameona filamu tu. Kitabu hicho nimekisoma zaidi ya mara ishirini, ataniambia nini? Akageuka kuvitazama vile vikapu vya zawadi. Mzee Naftaly alichukua kofia yake akasema, "Mimi nilileta mbuzi. Sikujua hapa kuko na mtihani." Wakaondoka hata chai hawajanywa.

Tangu siku hiyo Muturi hajapiga simu. Nampenda, Bwana Mwelekezi. Huyu ni mtu ambaye hukata stima ya nyumba nzima ili abadilishe balbu moja, kwa sababu aliniahidi kwamba hatanifia. Leo asubuhi nimewafundisha watoto kuzidisha huku nikiitazama simu, na tumepata majibu ambayo hayajawahi kuonekana Kenya hii.

6. Shangazi naye amekataa kurudishwa. Anasema, "Mimi nimechaguliwa mbele ya watu. Sasa nirudishwe kama sufuria iko na shimo?" Tulimweleza kwamba kijana alikosea. Akasema hata marehemu mume wake alikosea hivyo hivyo na wakaishi vizuri miaka thelathini. Ameshauliza kama huko Embu kuna stima. Mtu mmoja asiye na busara akamjibu kwamba bwana arusi mwenyewe ndiye fundi wa stima, na tangu hapo haambiliki.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na nadhani utakubali ni kidogo. Sehemu ya shela ipigwe upya, Malkia akanyage. Joka akohoe, hata mara tatu zinatosha. Mpishi arudishiwe uji wake. Kisha uje mwenyewe hapa Kianjai na beberu mmoja na soda za kutosha, uwaombe radhi akina mama. Baada ya hapo uende Embu umweleze Muturi kwamba kosa ni lako, ili mimi nipate namna ya kumsamehe bila kuonekana nimelegea.

Na kama Shangazi Kathambi bado atashikilia msimamo wake, basi haki ni haki. Aliyemchagua kwa kweli si Muturi, ni filamu, na filamu ni yako. Utamchukua wewe. Ana ng'ombe wawili, mukimo anaoupika unasifiwa mpaka mjini Maua, na hana makuu. Ukizungumza naye tu, simama upande wa kulia.

Nisalimie familia yako, wapiga picha wako wote, mama anayewapikia, na yule kijana aliyeigiza Tamiro, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo na mabega yake yanafanana kabisa na ya kitabuni.

Ni mimi, mwenye huzuni na vitabu vitano,

Cicily Mukiri.

Nyongeza: Nilitaka kukutajia ukurasa wenyewe, usije ukasema nimezua. Nimefungua kitabu changu cha tatu na kukuta kinaruka kutoka ukurasa wa 212 hadi wa 229. Kurasa za katikati hazimo, na ukiitazama gundi ilivyokauka, hazikuwemo tangu siku baba aliponinunulia kwa muuza vitabu vya mitumba kule sokoni Gakoromone. Sasa nakumbuka. Nilikuwa nikiwasomea wadogo zangu kwa sauti, nikafika pale, wakanikodolea macho, nikaona aibu kunyamaza. Nikaendelea kusoma yale ambayo hayakuandikwa. Ile tup, tup niliitunga mimi mwenyewe. Nimeisoma miaka yote hii kutoka kichwani mwangu, na nikalia.

Katika kikapu kimoja walichoacha wageni nimekuta nakala ya Muturi. Kurasa zote zimo, zimelegea kwa kusomwa, na mgongo umefungwa kwa ule utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Ukurasa wa 219 Malkia anainamisha shingo upande wa kulia. Pembeni ameandika kwa penseli: "Mukiri atafanya hivi. Angalia shingo."

Stempu nilishabandika na joka bado hakohoi, kwa hivyo barua naituma. Lakini namba nne ifute, na tano, na lile neno mwongo ulifute kwa kalamu nzito. Mimi naenda Embu sasa hivi, kengele ya mwisho nimemwachia mwalimu mkuu apige. Muturi akinifungulia mlango, nitainamisha shingo kulia mpaka aniambie inatosha.