Mpaka Mtoto wa Mwisho Achukuliwe

Pyo Deok-su alikuwa amefika kifungu cha saba cha mkataba alipopata wazo. Mawazo ya Pyo yalikuja na harufu ya kuku wa kukaanga, kwa kuwa ofisi yake ilikuwa juu ya duka la kuku katika mtaa wa Suseong, mjini Daegu, Korea Kusini. Kazi yake ilikuwa kuzitafutia shule za tuisheni walimu wa Kiingereza kutoka ng'ambo. Shule zilimlipa ada. Walimu hawakumlipa kitu, na jambo hilo lilikuwa likimkera siku nyingi, kama mtu mwenye ng'ombe anayeruhusiwa kukamua upande mmoja tu.

Kifungu cha saba kilihusu saa za kazi. Pyo akafuta maneno "saa moja jioni" na kuandika: "Siku ya kazi itakwisha mtoto wa mwisho atakapochukuliwa na mzazi wake."

Akausoma mstari ule polepole. Mkurugenzi wa shule angeupokea kwa furaha. Mwalimu, akishachoka, angekuja kwake kutafuta njia ya kuukwepa, na njia ingekuwa na bei. Ugonjwa na dawa katika duka moja. Tusimlaumu haraka, wapo wenye maduka ya namna hiyo wanaoheshimiwa sana.

Ili mkurugenzi asisite, akaongeza kifungu cha nane: mwalimu akikosekana, wakala ataleta mbadala siku hiyo hiyo, na mbadala atafuata saa zilezile. Akatoa muhuri wake wa jiwe, akaupulizia pumzi, akaugonga mara moja. Muhuri ulikaa vizuri, mwekundu kama pilipili.

Mkurugenzi Kwak Mi-ran alikuwa ndiye mwenyekiti wa chama cha wenye shule za tuisheni ambao kila Jumapili hupanda mlima Palgong pamoja. Ukimpata Kwak, umepata mlima mzima. Pyo alikuwa akiuota mlima huo kwa miaka.

Mwalimu aliyemletea aliitwa Nokwanda Mabandla, mama mmoja wa Mthatha, Afrika Kusini. Mlangoni Pyo alimnong'oneza kwa Kiingereza.

"Dada, humu ndani hujui Kikorea. Hata salamu."

"Kwa nini?"

"Kina mama wanamlipia mwalimu asiyejua neno. Wakisikia unajua, watasema watoto watakuongelesha kama shangazi yao. Bei yako itashuka."

Maneno haya Pyo aliwaambia walimu wote, kama watu wanavyosema karibu, bila kungoja jibu. Hakumuuliza Nokwanda alikuwa wapi kabla ya hapo. Alikuwa Andong, mji mwingine wa huko huko Korea, miaka miwili, amepanga chumba kwa bibi mmoja muuza samaki wakavu aliyependa kusengenya na hakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

"Sawa," Nokwanda akasema. "Sijui."

Wakaketi. Pyo akatafsiri katikati yao, mkono mmoja huku na mwingine kule.

"Mkurugenzi, kifungu cha saba ameomba mwenyewe," alimwambia Kwak kwa Kikorea. "Kwao mwalimu haondoki akaacha mtoto. Ni mila."

"Kwa mshahara uleule?"

"Ukimwongezea atahisi umemtukana."

Kwak hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na pango la ghorofa mbili la kulipa, na mtu mwenye pango la ghorofa mbili hachunguzi sana mila za watu.

"Basi tuheshimu mila," akasema.

Pyo akamgeukia Nokwanda na uso wa msiba. "Anasema bila kifungu hiki hakuna kazi. Mama huyu ana moyo wa jiwe. Lakini usihofu, mimi nipo."

Nokwanda alisoma cha saba. Hapo moyo ulimshuka, maana saa moja jioni ya Daegu ndipo mwanawe Lwazi alipokuwa akitoka shule kule Mthatha, na bibi yake akimpa simu aongee na mama kabla hajatoka kucheza. Hiyo ndiyo saa pekee waliyokuwa nayo. Kisha akasoma cha nane, na akakisoma tena.

"Muhuri wako ni mzuri," akamwambia Pyo, na akaweka saini.

Pyo aliondoka akipiga mluzi. Alikuwa mtu wa kula peke yake juu ya meza ya ofisi, akasahau kwamba katika shule kama ile, mchana, mkurugenzi na mwalimu hukaa chini na kula kwenye sufuria moja.

Kwak alisogeza supu, akaashiria kwa vidole mdomoni, kama anayemfundisha kiziwi: kula, kula.

"Dada mkubwa," Nokwanda akasema, kwa lafudhi ya Andong isiyo na doa, "figili hizi zimeiva kama za kijijini."

Kijiko cha Kwak kilitua kwenye supu na kuzama.

"Unajua Kikorea?"

"Nimekatazwa kukijua."

"Na nani?"

"Na aliyetutafsiria."

"Na ile mila ya kwenu?"

"Kwetu mwalimu akimaliza kazi anakwenda nyumbani. Ni mila ya kale sana."

Kwak akakiopoa kijiko chake. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nami niliikubali upesi mno," akasema. "Nitauchana mkataba huu sasa hivi."

"Usiuchane bado, dada. Kwanza soma cha nane."

Kwak akasoma. Halafu, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka, mpaka supu ikampalia. Kabla sufuria haijaoshwa walikuwa wameandikiana mkataba mwingine wa ukurasa mmoja, unaoanza kazi mwalimu akirejea kutoka likizo fupi. Siku ya kazi ndani yake iliisha saa moja kasoro robo.

Wiki ya pili Pyo alimvizia Nokwanda kwenye kituo cha basi, na huruma tele usoni.

"Umekonda, dada. Anakuchelewesha?"

"We acha tu, kaka."

"Basi sikiliza. Ugua."

"Niugue nini?"

"Mgongo. Mgongo hauna ushahidi. Kaa nyumbani, uone atakavyonipigia simu akilia. Ndipo nitamwambia alegeze kifungu. Ada yangu utanipa ukishapona."

"Niugue mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

"Kaka Pyo," Nokwanda akasema, "nitafanya kama ulivyosema, neno kwa neno."

Jumatatu simu ikalia, na Pyo akasafisha koo.

"Mwalimu anaumwa mgongo," Kwak akasema.

"Maskini. Mkurugenzi, pengine zile saa—"

"Leta mbadala. Leo. Kuna muhuri wako hapa, mwekundu kweli."

Pyo alimpigia Mkanada mmoja mstaafu ambaye humwokoa siku za dharura. Mkanada aliomba asomewe saa za kazi.

"Mpaka achukuliwe na mzazi wake?" akauliza. "Wewe umeiandika hii, Pyo?"

"Ni siku moja tu, mzee."

"Nenda ukaifanye mwenyewe," Mkanada akasema, akakata.

Kwak alikuwa na wazo hilohilo. "Si ulituambia umekulia Kalifornia? Chama kizima Jumapili walikuwa wakikuulizia."

Kalifornia Pyo alikuwa amekaa likizo moja, akikunja mashuka katika duka la kufulia la shangazi yake. Lakini huwezi kuukana mlima uliouota kwa miaka. Akavaa tai, akaenda.

Siku ile yeye na watoto waliimba, walipiga chafya, walikata simbamarara wa karatasi. Jioni ilipoingia watoto wakaondoka mmoja mmoja, akabaki Ha-jun, na bibi yake akaja kumchukua, na kiazi kitamu cha kuchoma kwenye mfuko.

"Asante Mungu," Pyo akasema, akishika koti.

"Huyo ni bibi," Kwak akasema kutoka mlangoni, kwa upole. "Imeandikwa mzazi."

"Mzazi wake yuko wapi?"

"Mama yake yuko kazini Ulsan," bibi akasema. "Hurudi Ijumaa."

Pyo akautoa mkataba, akatafuta tundu. Alikuwa makini sana katika uandishi. Hakuacha hata moja. Bibi akaketi kwenye kiti cha kitoto, akavunja kiazi vipande viwili, akampa Pyo kimoja.

"Mwalimu, hiki kwa Kiingereza kinaitwaje?"

Pyo akamwambia.

"Hapana, hujafumbua mdomo. Fumbua kama watu wa Kalifornia."

Bibi alipochoka kujifunza, Kwak aliwahurumia wote watatu. "Nendeni," akasema. "Lakini Bwana Pyo, kazi ya leo hujaimaliza. Simbamarara hawana mikia."

"Na yule mwalimu atapona lini?"

"Sijui. Anasema daktari wake ndiye wewe."

Pyo alisimama katikati ya karatasi za manjano. Kumwambia apone kungekuwa kukiri kwamba yeye ndiye aliyemwambia augue, na habari ingefika mlimani kabla ya Jumapili. Kupitia dirishani alimwona Nokwanda ng'ambo ya barabara, mgongo umenyooka kama mwanzi, simu sikioni, akicheka na mtu wa mbali.

Ha-jun alimvuta mkono. "Mwalimu, kesho tunaanza na nini?"

Pyo akaweka mkasi juu ya meza, pale ambapo angeuona asubuhi.

"Mikia," akasema.