Kura Saba za Ulaini

Idara ya Utambuzi wa Mawe iliutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia Jumatatu ugumu, uzito na mng'aro wa kila jiwe utaamuliwa na kamati, kwa kura za wazi. Utaratibu wa zamani wa kukwaruza mawe kwa msumari ulionekana kukosa nidhamu, maana msumari haujali cheo cha mtu.

Mama Kigae aliusoma waraka huo mara mbili, akaguna. Miaka kumi na tisa alikuwa akifanya kazi maabara kwa msumari mmoja na kipande cha kigae cha bafuni, ambacho ndicho kilimpa jina. Dhahabu ukiisugua mgongoni mwa kigae, pale pasipong'aa, huacha mstari wa manjano. Jiwe la Mkurugenzi, lile linalometameta ndani ya sanduku la kioo pale mapokezi, liliacha mstari mweusi kama masizi. Dereva alijua. Hata mfagizi alijua.

"Mama, saini hapa," Mkurugenzi alimwambia Alhamisi asubuhi, akisukuma fomu mezani. Iliandikwa: *Nathibitisha kwamba dhahabu halisi imepatikana ndani ya ofisi hii.* "Waziri anafika saa nne."

"Bosi, jiwe lile si dhahabu. Ni gumu mno, msumari unateleza tu."

"Kamati imeamua ni laini. Kura saba, hakuna aliyepinga."

"Na jiwe lenyewe limejulishwa?"

"Limepewa nakala." Mkurugenzi alirekebisha tai. "Usiposaini, Jumatatu unahamia bohari, ukagawe mafagio."

Roho ilimuuma Mama Kigae. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na aliipenda maabara ile. Alichukua fomu, akaikunja. "Nitasaini dhahabu ikionekana," alisema.

Waziri alifika saa saba, yaani mapema. Alilitazama jiwe, kisha akautazama waraka wa uamuzi wa kamati. "Mmeandika ni laini. Laini kiasi gani?"

"Kiasi cha kuumwa, Mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi. "Meno huacha alama. Kifungu cha nne."

"Haya, tuone."

Kamati nzima ilikuwa inamtazama. Mkurugenzi akalitia jiwe kinywani, akauma kizalendo. Kitu kikalia *kwacha*. Kipande kidogo kikaruka, kikagonga kioo, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha Mama Kigae.

Alikiokota, akakifuta kwa leso. Akakikwaruza kwa msumari, kikakwaruzika. Akakisugua kwenye kigae, ukatoka mstari wa manjano safi. Lilikuwa jino la mbele la Mkurugenzi, lile alilokuwa akilionyesha kwa tabasamu kwenye picha zote za kiserikali.

"Mheshimiwa, dhahabu halisi imepatikana ndani ya ofisi hii," alisema, akatoa fomu, akasaini.

"Hilo ni langu," alisema Mkurugenzi, pengo likipiga mluzi.

Waziri aligeuza ukurasa wa waraka. "Kifungu cha tano: dhahabu yoyote itakayopatikana ofisini ni mali ya umma. Hii saini ya nani?"

Mkurugenzi aliitazama saini yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Sasa jino limekaa mapokezi, ndani ya sanduku la kioo. Mkurugenzi wa zamani hulipitia kila asubuhi akielekea bohari, na akitaka kusimama kuliangalia, husaini kwanza kitabu cha wageni.