Bango la Kuwashukuru Zimamoto

Jumatatu, 3 Agosti
Siku ya tatu ya moshi mlimani. Zimamoto wamepiga kambi shuleni, nyuso nyeusi tii, wanakula wamesimama. Mashujaa! Nesi mstaafu, jirani yangu, anapita mlango kwa mlango kuhimiza watu wafyeke nyasi. Mjuaji! Anachotaka ni uenyekiti wa mtaa, uchaguzi Jumapili. Mimi nina mpango wa maana: bango la shukrani juu ya barabara, lenye jina langu. Mama mkwe kauliza nyasi za nyuma nitazifyeka lini. Nikamwambia nashughulikia shukrani. Akasema nyumba hii ndiyo yote aliyonayo duniani. Najua. Anasema kila siku.

Jumanne, 4 Agosti
Mchora mabango mbishi kweli. Ati jina langu limekuwa kubwa kuliko neno zimamoto. Nikamwambia zimamoto wanajijua. Nesi kafyeka kwake kote, pamebaki kipara, kisha akaingia kwetu na kufyeka ukanda mzima nyuma ya jiko. Bila kuniomba ruhusa! Mama mkwe kampelekea chai. Usaliti ndani ya nyumba.

Alhamisi, 6 Agosti
Limetundikwa! Kutoka nguzo ya taa hadi mti wa ng'ambo, kwenye barabara pekee ya kupandia huku. Nimelishusha kidogo ili jina lisomeke. Nesi kauliza lori la zimamoto litapitaje. Wivu mtupu. Nikamshauri arudi akapime watu presha.

Ijumaa, 7 Agosti
Upepo uligeuka saa nane mchana. Moto ukashuka mpaka nyuma kwetu. Niliogopa kweli. Naandika kwa kuwa humu hasomi mtu. Lori likaja mbio, likanasa. Ngazi ya juu yake ilikwama katikati ya jina langu. Dereva alisema mambo kuhusu akili yangu ambayo sitayaandika. Nikamwomba kamanda wao, mama mfupi mwenye sauti ya kengele, tupige picha kwanza maadamu wameshasimama. Akachomoa panga. Chwa! Jina vipande viwili.

Banda la kuku limeteketea. Nyumba imepona: moto ulifika kwenye ukanda wa Nesi ukakosa cha kula, zimamoto wakaumaliza. Kuku wote wazima, walikimbilia kwa Nesi. Hata kuku! Mama mkwe aliwashika zimamoto mikono, mmoja mmoja, huku analia. Nami machozi yalinitoka. Moshi tu.

Jumapili, 9 Agosti
Nesi kapata kura zote. Hata yangu: nilinyoosha mkono kuomba kusema, wakauhesabu. Kamanda alialikwa, akaomba mambo mawili tu, tufyeke nyasi na tuache barabara wazi. Mkutano mzima ukanigeukia. Watu hawana adabu. Nyumbani mama mkwe katoa amri: nikawaombe zimamoto radhi, la sivyo nitafute pa kulala.

Jumatatu, 10 Agosti
Nimetafakari. Mama mkwe ana haki, radhi lazima iombwe. Nimeshaagiza bango jipya, refu kuliko lile: TUNAWAOMBA RADHI ZIMAMOTO, na jina langu chini yake, kubwa. Nalitundika pale pale, wamepazoea. Nyasi zitasubiri. Safari hii nafunga kwa waya wa chuma. Tuone hilo panga.