Wa Tatu Kutoka Kushoto

Jumatatu, 4 Oktoba 1965

Leo naanza kuandika shajara. Mtu mwenye akili nyingi akikosa wa kumsikiliza anaweza kudhurika, na mimi niliyenaye ni Zubtsov tu. Zubtsov ni mpiga picha. Tunalala naye chumba kimoja bwenini. Anakoroma, na filamu zake anazianika juu ya kitanda changu. Huu mwaka wa nne naamka na roketi puani!

Kazi yangu ni kurekebisha picha. Roketi ikirushwa, Zubtsov anapiga, mimi nafuta. Nafuta nguzo ya siri, namba ya siri, mhandisi wa siri. Nina brashi tatu za manyoya ya kindi, wembe, gundi na wino. Zubtsov hupenda kusema mimi ndiye mtu pekee nchini anayelipwa mshahara ili watu wasiwepo. Halafu anacheka mwenyewe. Wivu huo.

Barua ya Klavdia imefika. Mke wangu yuko Saratov kwa mama yake, pamoja na binti yetu Tosya, miaka mitano. Anasema haji kuishi bweni lenye wanaume arobaini na jiko moja. Nikipata nyumba yenye jiko lake, atapanda treni ya kwanza. Nisipoipata kabla ya sikukuu ya Novemba, basi, nisimwandikie tena habari za subira. Akaongeza kwamba jirani yao, mpiga kodiani, amewatengenezea bomba. Kodiani na bomba wapi na wapi? Chakula kimenishinda. Nimemkumbuka Tosya.

Jumanne, 5 Oktoba

Loo! Mambo hayo! Jengo jipya kando ya mto limekwisha. Raushan-apai, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, mama ambaye mji mzima humwita apai, yaani dada mkubwa, na kumwogopa kuliko kanali yeyote, ametangaza leo kantini. Wa kwanza kugawiwa nyumba ni walioshiriki wenyewe katika safari za anga. Mtu mmoja akauliza, ushahidi je? Maana mji huu hauko hata kwenye ramani, na hakuna anayeruhusiwa kusema anafanya kazi gani. Apai akamaliza kutafuna andazi lake la baursak bila haraka, akajibu: Albamu. Aliyemo kwenye Albamu ameshiriki.

Albamu! Ndiyo kazi ambayo mkuu wetu, Kanali Ostroukhov, ametutwisha mwezi mzima. Picha mia na ishirini: kuanzia lile tufe la chuma la mwaka hamsini na saba, wakaja mbwa, akaja kijana wetu wa kwanza, hadi yule aliyetoka nje ya chombo Machi hii akaelea kama shati kambani. Na picha hizo, moja baada ya moja, hupita mikononi mwa nani? Mwa Gennady Savvich Pichugin!

Miaka minne nawatoa watu pichani. Sijaona popote palipoandikwa kwamba ni marufuku kumwingiza mmoja.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimechagua picha namba 31. Mafundi saba wamesimama chini ya roketi, asubuhi, wanacheka. Kati ya wa pili na wa tatu pana pengo. Palikuwa na mhandisi hapo. Niliagizwa nimfute mwaka sitini na mbili, sababu sikuambiwa wala sikuuliza. Kwa hiyo pengo ni langu, nimelitengeneza mwenyewe. Simnyang'anyi mtu.

Zubtsov alipokwenda kula mchana nikafunga mlango. Picha yangu nzuri ni moja tu, ya sikukuu ya Mei kule mtoni, aliyonipiga Zubtsov huyohuyo. Nimejikata kwa wembe, nimejibandika. Taabu ilikuwa mkono wa kulia, ulioshika paja la kuku. Kulifuta kungeacha ngumi ya bure hewani. Nikalichora likawa chombo: mrija wa chuma, kitufe mwishoni, na kisaa kidogo ubavuni. Kimependeza. Sijui kinapima nini.

Kisha uso. Kidevu changu siku ile jua lilikionea, nikakiongeza kidogo. Nywele, mwaka ule nilikuwa nazo zaidi, au karibu zaidi. Mabega kidogo. Urefu kidogo, maana wale wengine ni warefu na mfupi angeharibu mstari. Nilipomaliza nilikaa nikaitazama nusu saa. Kwa kweli sijawahi kutoka vizuri hivi.

Nimechapa nakala, nikakata kichwa peke yake, kikubwa kama stempu, nikamtumia Klavdia. Kutuma picha ya roketi ni jela. Kichwa si roketi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kanali amezipitisha picha zote! Zimetandazwa ukumbini ili idara zizikague kabla ya Albamu kwenda Moscow.

Nimevaa tai. Nimesimama karibu na namba 31 tangu saa tatu, uso nimeugeuza upande uleule wa pichani, mkono wa kulia nimeukunja. Watu wamepita. Hakuna aliyeniambia kitu, isipokuwa mzee mmoja wa stoo aliyeniuliza kama shingo inaniuma.

Hatimaye akaja Raushan-apai. Akasimama. Akauliza huyu wa tatu kutoka kushoto ni nani. Moyo ulinipiga mpaka tai ikatikisika. Nikamwambia, kwa tabasamu, Apai, kwani hafanani na mtu unayemjua? Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye picha. Akakiri kwamba ni kweli, anafanana sana na yule mwanamume wa kwenye bango la maziwa. Kisha akaniomba nisogee, nimemzibia mwanga.

Zubtsov naye kaja na kikombe chake cha chai. Ameiinamia kwa muda mrefu. Picha zote mbili ni zake, ile na ya kuku! Akasema hamkumbuki kabisa bwana yule. “Gena, ndugu yangu, mwanamume kama huyu ningemkumbuka tu.”

Sijui nifurahi au nimpige.

Jumatatu, 11 Oktoba

Jambo limekua. Idara ya Mafuta wanasema yule ni wa Mawasiliano. Mawasiliano wanasema, kwa sauti ya chini, ni wa Injini. Injini hawasemi, wanatazama dari. Hapa kwetu asiyemjua mtu hasemi hamjui, maana huenda alipaswa kumjua. Na anayemjua hasemi anamjua, maana huenda hakupaswa. Sasa idara saba zinaamini kuna idara ya nane, ya siri kuliko zote, na yule ndiye mkuu wake.

Chombo nacho! Mhandisi mkubwa wa Mafuta, profesa mzima, alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba chombo kile anakifahamu vizuri ila si cha kuzungumzia mbele za watu. Mchana mzee wa stoo kaniambia Mafuta wameagiza viwili.

Mimi nani niwakatalie? Lakini inauma. Watu mia mbili wanaupenda uso wangu, na hakuna hata mmoja anayejua ni wangu.

Jumanne, 12 Oktoba

Raushan-apai ametangaza orodha. Nyumba namba 14, ghorofa ya pili, roshani inayotazama mto, jiko la peke yake, bafu lenye beseni la kulala: amepewa ndugu wa tatu kutoka kushoto! Jina lisiulizwe. Ataufuata ufunguo mwenyewe kazi zake zikimruhusu. Kantini nzima ikapiga makofi. Nami nikapiga. Nilikuwa wa kwanza kusimama.

Saa tisa nikaenda ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwambia ukweli. Apai, yule ni mimi. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza. Akamwita karani wake aje asikie, nikalazimika kurudia. Karani akacheka. Kisha Apai akanikalisha, akanimiminia chai yenye maziwa, akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba kila mtu ana ndoto zake, mdogo wangu, na nijaribu kulala mapema.

Ushahidi ninao wapi? Picha ya mtoni nimeikata. Filamu yake anayo Zubtsov, na mle ndani nimeshika kuku. Bila filamu, mimi ni mwongo. Nikiwa na filamu, mimi ni mghushi wa Albamu ya taifa, na mghushi wa Albamu ya taifa hupewa makazi bila kupanga foleni, ila ni mbali sana, kaskazini, na hayana roshani.

Nimetembea mpaka kwenye jengo. Namba 14 ina mapazia tayari. Nimelihesabu dirisha la jiko. Tosya angeweza kusimama pale juu ya kigoda akatazama ngamia wakipita.

Alhamisi, 14 Oktoba

Zubtsov kutwa ameinamia karatasi, ulimi nje. Nikamuuliza nini tena. Anasema ni fomu. Zimebaki nyumba chache za wafanyakazi wa kawaida, unajaza ukurasa mmoja, unampelekea Apai kabla ya kesho saa sita. Amejaza jina, kazi, na kwamba anamtaka mama yake aje. Basi.

Fomu! Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Eti ameniletea na yangu. Nikamwambia ndugu yangu, wenzako tuna mambo makubwa. Karatasi aliyoniletea nimefutia brashi.

Mpango wangu mpya: nitavaa kofia, mabega nitayajaza pamba, nitaingia kwa Apai kesho nikiwa na chombo mkononi. Chombo nimeshakitengeneza kwa bomba la jiko la bweni na saa ya Zubtsov.

Ijumaa, 15 Oktoba

Bomba lilikuwa na masizi. Pamba imeshuka kiunoni. Apai hakucheka safari hii. Ameniandikia barua ya kwenda kwa daktari.

Bweni zima linanitafuta, moshi umejaa jikoni.

Jumamosi, 16 Oktoba

Kanali ameniita asubuhi. Moscow wamepiga simu. Wameiona namba 31 kwenye nakala tulizowatangulizia. Wanasema mtu ambaye hata idara moja haithubutu kumtaja hawezi kuonyeshwa hadharani. Afutwe kabla ya saa sita.

Nikajikuta nasema, Ndugu Kanali, labda aachwe, labda ana mke. Kanali akavua miwani. Machozi yalimlengalenga, wallahi nimeyaona. Akasema, Pichugin, watu wa namna hii ndio waliotufikisha huko juu, na malipo yao ndiyo haya, mimi na wewe tutawakumbuka moyoni. Kisha akatazama saa.

Nilianza na kidevu. Kidevu nilichokitengeneza nusu siku kilikwenda kwa mkwaruzo mmoja. Nikafuta nywele, mabega, chombo. Kazi ni kazi. Nikaweka anga pale nilipokuwa, na kiwingu kimoja.

Kanali aliikagua kwa lenzi. Akasema hii ndiyo kazi yangu bora tangu anijue: ni kama hapakuwahi kusimama mtu. Akanipa mkono. Nikamuuliza habari ya namba 14. Itabaki imefungwa, akasema, kwa heshima yake, hata miaka hamsini.

Zubtsov amepata namba 9. Kwa ukurasa mmoja.

Jumatatu, 18 Oktoba

Zubtsov amehama akipiga mluzi. Ameniachia kamba zake za kuanikia filamu. Alinishika bega, akasema nikitaka kuoga kwenye beseni niende tu, sabuni nije nayo.

Barua ya Klavdia imefika. Anashukuru kwa picha. Anauliza huyu bwana ni nani. Mama yake amemtia kwenye fremu juu ya redio, na mpiga kodiani haji tena, amekasirika. Binamu yake Nyura angependa kujua kama bwana huyu ameoa. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo: kwa nini mimi situmi picha yangu? Tosya ameanza kunisahau sura.

Nimelia. Kwa nini nifiche, hii ni shajara yangu.

Saa kumi Kanali kapita na karatasi. Kumbe Raushan-apai amenihurumia. Kuna familia moja imehamishwa, namba 11 iko wazi, ameniwekea mpaka kesho asubuhi. Jiko lake, dirisha la mtoni. Nijaze fomu, ukurasa mmoja, nibandike picha ndogo ya uso. Akasisitiza mara mbili: bila picha hakuna ufunguo, mlangoni kuna askari atakayelinganisha picha na uso wangu. Nikamshika mikono yote miwili. Nilitaka kumbusu.

Fomu nimeijaza kwa dakika tano. Jina: Pichugin. Mke: Klavdia. Mtoto: Tosya. Zubtsov amerudi mbio kunipiga picha nikiwa nimesimama mlangoni, ameisafisha, ameikausha, hakutaka hata asante. Picha imetoka safi. Ni mimi mtupu: upara, mabega na kila kitu. Nakala yake nitamtumia Tosya.

Nimeyaona makosa yangu. Tamaa. Chombo, urefu, mabega, vyote vile vilizidi. Sitarudia, na fomu iko tayari juu ya meza, bado kubandika tu.

Ila hiki kidevu. Zubtsov na taa zake! Askari hataona tofauti, ni kidevu tu. Nimefunga mlango, nimechovya brashi. Na nywele, kidogo, hapa mbele.