Kamati ya Mstari wa 4,112

Umma unatangaziwa kwamba hitilafu iliyokuwa ikiikabili Idara yetu ya Kumbukumbu za Watu imetatuliwa kikamilifu, na kwamba wote waliokuwa marehemu kimakosa wamerejeshewa uhai wao kwa mujibu wa taratibu. Wakati huo nilikuwa Naibu Mkurugenzi wa Mifumo. Naeleza yaliyotokea ili maneno ya korido yakome.

Idara ina hifadhidata mbili, ya zamani na mpya. Kila mtu yumo katika zote mbili, na mara nyingi ni mtu yuleyule. Ili kulithibitisha hilo tulifunga programu-jalizi ya ulinganishi, ambayo hupachikwa juu ya programu kubwa, ipite hifadhidata zote mbili mstari kwa mstari, ionyeshe zilipopishana na kusahihisha. Fundi wetu wa kompyuta, dada mfupi asiyejua kuremba maneno, aliiita "kidude". Nilimwandikia barua mbili za onyo.

Tatizo ni kwamba kila ikifika mstari wa 4,112 ilisimama, ikaandika HITILAFU kwa herufi nyekundu, kisha ikajifunga. Mistari yote ilikuwa elfu kumi na mbili. Maana yake, watu karibu elfu nane walikuwa hawajalinganishwa na wao wenyewe.

Mkurugenzi hakulala juu ya jambo hili. Aliunda Kamati ya watu tisa, mimi nikiwa katibu. Kikao cha kwanza kilibaini kwamba neno "hitilafu" linavunja moyo watumishi, kikaagiza libadilishwe liwe "Tofauti ya Kimtazamo". Fundi akabadilisha. Tangu siku hiyo hitilafu haikuonekana tena. Tofauti ya Kimtazamo ilionekana kila siku, mstari wa 4,112.

"Wazee," Fundi alituambia kwenye kikao cha nne, "kidude hakina ubaya. Mstari huo umefungwa. Kuna mtu kaufunga kwa nywila, usisomwe. Nipeni ruhusa niufungue, ni kazi ya dakika mbili."

"Dakika mbili!" Mkurugenzi alicheka. "Kamati imepewa miezi sita."

Jumatatu moja akaja Mkunga.

Alikuwa mama mtu mzima, mkunga mstaafu, amevaa miwani mizito na kushika ukuta anapotembea. Alisimama mbele ya meza yangu. Nilipekua hifadhidata mpya, nikaona amefariki miaka miwili iliyopita. Kwa kuwa mwongozo wetu hausemi lolote kuhusu kumwamkia marehemu, nilinyamaza.

"Kwenu hamfundishwi salamu?" akauliza.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa dhamana yangu binafsi.

"Marahaba. Mwanangu, Alhamisi napasuliwa mtoto wa jicho. Hospitali wamenirudisha. Wanasema kadi yangu ni ya maiti."

"Ni kweli, mama. Pole kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

Nilimgeuzia kioo cha kompyuta ajionee. Akakisogelea hadi pua ikagusa. "Sioni kitu," akasema. "Ndiyo maana nataka kupasuliwa. Nimezalisha watoto wa mji huu miaka thelathini na mitano, wote wametoka. Huyu wa jicho tu ndiye kagoma."

Fundi, aliyekuwa chini ya meza akihangaika na waya, akachomoza kichwa. Alimuuliza namba yake, akaenda kutazama. Katika hifadhidata ya zamani Mkunga alikuwa hai kabisa. Mstari wake ulikuwa wa 9,030. Kidude kingefika huko kingeyaona yote na kuyasahihisha, ila hakikuwahi kuvuka 4,112.

"Basi namsubiri nani?" Mkunga akauliza.

"Kamati," nikasema. "Inakaa tena baada ya wiki tatu."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza mlango wa mkubwa uko wapi, akaushika ukuta akaenda. Nilimfuata kumzuia. Fundi alimfuata kumshika mkono. Watu waliokuwa foleni wakatufuata kuona mwisho wake, na tulipofika kwa Mkurugenzi tulikuwa kama thelathini.

Lazima niseme kwamba Mkurugenzi, akiona watu zaidi ya kumi, huwa hawezi kujizuia. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Chini ya uongozi wangu hakuna mstari utakaofichwa!"

"Nifungue, mzee?" Fundi akauliza.

"Fungua!"

"Naomba kwa maandishi."

Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaandika palepale, kwa kalamu ya dhahabu, akitamka kila neno kwa sauti: mstari wowote uliofungwa ufunguliwe mara moja; pale hifadhidata zitakapopishana, ya zamani ndiyo ya kweli, isahihishwe bila woga wala upendeleo. Akapiga muhuri. Akapiga wa pili, kwa raha tu.

Fundi akakaa kwenye kompyuta ya Mkurugenzi mwenyewe. Kweli, zilikuwa dakika mbili.

"Umefunguka," akasema. Akausoma mara mbili kimoyomoyo.

"Soma!" watu wakasema.

"Ni mstari wa Mkurugenzi. Hifadhidata mpya inasema ana miaka hamsini na mitano. Ya zamani inasema sitini na minne."

Kustaafu kwetu ni sitini. Printa iliyo pembeni ikakohoa, ikatoa karatasi moja ya moto: barua ya kustaafu, tarehe ya miaka minne nyuma. Mfumo huo unaojitolea barua wenyewe aliuzindua yeye, kwa kukata utepe.

Mkunga alimsogelea akamtazama kwa karibu sana. "Ila umejitunza, baba," akasema kwa upole.

Saa sita na robo Mkunga alifufuka rasmi. Alhamisi alipasuliwa, na nasikia sasa anasoma hata maandishi ya chupa za dawa.

Mimi nilikaimu nafasi ya Mkurugenzi kwa dakika arobaini. Nilihamishia kiti changu ofisini kwake, nikatoa agizo langu la kwanza: ulinganishi usimame hapo ulipofika, kwa maslahi ya utulivu.

"Umechelewa, bosi," Fundi akasema. "Kilimaliza wakati unasukuma kiti."

"Kimeona nini?"

"Wewe mstari wa 11,206. Mpya inasema mtaalamu wa mifumo, shahada ya uzamili. Ya zamani inasema mpiga chapa."

Nilieleza kwamba hiyo ni Tofauti ya Kimtazamo. Hakucheka.

Katika jengo zima, mtu pekee ambaye mistari yake miwili ililingana herufi kwa herufi alikuwa Fundi, jambo ambalo Kamati ililitilia shaka kwa siku nzima. Wakubwa wa juu wakampa ukurugenzi. Kesho yake alinikuta kwenye meza ndogo karibu na dirisha, akaniwekea karatasi tatu za mwandiko wake mbaya. Ilikuwa barua ya kuivunja Kamati.

"Utamaliza saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa nne, mama," nikajibu, na saa nne kasorobo nilikuwa nimemaliza, bila kosa hata moja. Kuchapa, kusema kweli, najua.