Fere, Yaani Mzima wa Afya

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeanguka tena bafuni. Aliyeona ni paka tu. Wakijua, nitahamishiwa nyumba ya wazee kule mjini, nikalishwe supu kwa kijiko. Naiogopa nyumba ile kuliko kaburi. Nataka kufia hapa, kitanda alichofia mke wangu Morag. Naliandika hili, kulitamka, kamwe.

Kesho anakuja nesi mpya, Tamsin, Mwingereza. Mpango ninao! Akiuliza hali, nitamjibu kwa Kiskoti cha mababu: fere, yaani mzima wa afya. Nani atamhamisha mzee anayekumbuka neno la kale namna hiyo? Sikufundisha Kilatini bure.

Jumanne, 5 Novemba

Kauliza. Nikatoa kifua mbele. Fere! Hakuamini, akauliza tena. Fere tupu, nikamwambia, usiku na mchana! Akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

Nimemweza!

Jumatano, 6 Novemba

Balaa! Jirani yangu Effie Lorimer kaja na mikate ya shayiri, anacheka hadi anashika mlango. Nesi kamwambia nina hofu ya kutisha, siwezi kuishi peke yangu. Ijumaa naletewa gari la kunihamisha. Kumbe fere yetu, masikioni mwa Mwingereza, ni "fear", neno lao la hofu. Matamshi yale yale!

"Mwalimu mzima wewe! Umejichongea kwa mdomo wako mwenyewe."

Nikamsihi amweleze nesi maana. Atamweleza, kasema, nikimpa mbegu za vitunguu vyangu, vile vinavyomshinda kila mwaka kwenye maonyesho. Mnyang'anyi! Nimempa.

Alhamisi, 7 Novemba

Kifua kinabana. Mkono wa kushoto una ganzi. Itakuwa mikate ya Effie.

Ijumaa, 8 Novemba

Si mikate. Nimeamka natetemeka, jasho jembamba. Nesi alipoingia nikaona heri niseme ukweli, mara moja maishani, kwa Kiingereza chake safi. Pumzi ikatosha neno moja tu: "fear", hofu.

Akapiga makofi!

"Fere! Hongera, babu! Bibi Effie kanifundisha. Mzima kama chuma!"

Akanibusu kipajini, akalirudisha gari. Nilibaki dirishani nikipunga mkono. Ule wa kulia.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeshinda! Niko kwangu. Nimekaa kwenye kiti cha Morag, kwa kuwa kuinuka siwezi. Simu iko jikoni. Jikoni ni mbali sana leo.

Sasa hivi Effie kainama kwenye tundu la barua mlangoni, bila shaka kakanyaga tuta la vitunguu vyangu, anauliza mbona sijafungua mapazia. Hali yangu vipi?

Fere, nikajibu.

Hakucheka.

"Fere ipi, Mwalimu? Ya kwetu au ya nesi?"

Ningeweza kumwambia. Neno lile lile, hata ulimi nisingeugeuza.

Ya kwetu, nimemwambia. Na atoke kwenye vitunguu vyangu.